Mbwa Aliyetoka kwa Mjomba

Magoma, Korogwe
12 Machi 1973

Mdogo wangu Mwaija,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji Rehani na kwa wapwa zangu wote. Sisi huku ni wazima, isipokuwa goti la wifi yako Zuena limeanza ukorofi wake wa kila masika. Anapanda kitandani kama anapanda mlima wa Lushoto, na mimi nikicheka ananirushia kandambili.

Habari ya hapa shambani ni kwamba mkonge sasa ni mali ya umma, na yule meneja mzungu niliyekuwa nikimpikia anafunga mizigo kurudi kwao. Mimi nimebakizwa, napika chakula cha maofisa wapya, ambao wanapenda ugali kuliko yule bwana, kwa hiyo kazi imepungua. Mbwa wake jike alikuwa amezaa. Ni wale mbwa wakubwa wa kulinda nyumba, rangi ya chai ya maziwa, na mgongoni wana mstari wa manyoya yaliyolala kinyume. Watoto wake wamegawiwa watu. Mimi nimechukua dume mmoja, mwenye miguu minene kama michi, nikamkabidhi dereva wa lori anayepita Handeni. Mpokee.

Sikiliza vizuri: huyo mbwa si wako wala si wa Rehani. Nimewapa wapwa zangu, mimi mjomba wao, na zaidi ya wote nimempa Swaumu.

Na kwa kuwa nimemtaja Swaumu, nikukumbushe neno ambalo hukulisahau. Siku ya kumtoa nje akiwa mchanga, mama yetu akiwa hai, ulisema mbele ya watu kwamba huyu ataletwa kwa mjomba wake, alelewe na Zuena. Sasa ana miaka mitano. Sikuhimizi. Unajua tuliowazika mimi na mwenzangu, na unajua kwamba kwa desturi yetu mtoto wa dada ni wa mjomba. Zuena nilimkuta juzi anapima kitambaa cha gauni kwa mkono, kitambaa kidogo.

Kaka yako,
Mbwana


Misima, Handeni
20 Aprili 1973

Kaka Mbwana,

Shikamoo. Pokea salamu za kutoka hapa kwetu, pamoja na za Rehani, ambaye amesema nizifupishe zake kwa sababu bado ana kinyongo na wewe. Mahindi yamefika kiunoni. Mwanangu Muhidini amepanda darasa, na kitinda mimba wangu Mwatumu ameanza kusimama kwa kushika ukuta.

Mzigo wako umefika. Ulikuja ndani ya tenga la kuku, umetapika njia nzima, na dereva alitutazama kama sisi ndio tuliotapika. Rehani aliuliza, "Shemeji hakuona mbuzi huko Korogwe?" Akakataa kabisa mbwa asikanyage kibaraza. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliulizwa, akasema mbwa wa kulinda shamba si haramu, ila nyumbani asiingie, na chombo akikilamba kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Basi hapa sasa tunaosha. Swaumu analambwa mikono kutwa na kuosha kutwa, hadi ngozi ya vidole imejikunja kama ya bibi kizee.

Wamempa jina Meneja, kwa kuwa ametoka kwa meneja, na kwa kuwa asubuhi sisi tukienda shambani yeye analala, kisha chakula kikiiva wa kwanza kufika ni yeye. Rehani alijifanya hacheki. Kesho yake akamjengea kibanda nyuma ya ghala, chenye paa zuri kuliko la choo chetu.

Wifi mpe pole ya goti. Asugue mafuta ya nyonyo.

Ni mimi nduguyo,
Mwaija


Magoma, Korogwe
30 Juni 1973

Mdogo wangu Mwaija,

Salamu kwenu. Goti limepata nafuu, nyonyo imesaidia. Tumekula muhogo wako uliomtuma nao yule mama wa Mkata, na Zuena anasema Magoma yote haina muhogo wa kuutia aibu huo.

Sasa nikufundishe kulea mbwa, maana nyinyi mmezoea vile vimbwa vyenu vinavyokimbia kunguru. Yule mama mzungu, mke wa meneja, aliniagiza mambo mengi. Alisema mtoto wa mbwa wa aina hii atembezwe angali mdogo, apelekwe sokoni, ashikwe na watoto wa watu wengine, asikie kelele, azoee wageni. Nilimwitikia ndiyo mama, ndiyo mama, na moyoni nacheka. Mbwa akizoea kila mtu, atamlinda nani? Sisi tunajua mbwa wa kulinda anavyolelewa. Ajue mkono mmoja unaomlisha na watu wa kaya yake, basi. Wageni wakija, afungiwe asiwaone, ili siku akiwaona awaone ni wa ajabu. Mwambie Swaumu amlishe yeye peke yake, na watoto wa jirani wasimchezee.

Kaya yenu iko peke yake porini, jirani wa karibu hasikii hata mkipiga yowe. Mimi huku nikilala nawawaza, na sasa nawaza kidogo zaidi kwa raha.

Lile neno langu hukulijibu. Nimemnunulia Swaumu kitanda cha kamba. Hakina mtu, tunaweka mito juu yake.

Kaka yako,
Mbwana


Misima, Handeni
18 Novemba 1973

Kaka Mbwana,

Shikamoo, na wifi nampa mkono wa salamu. Tumeshavuna, namshukuru Mungu, na safari hii tumevuna sisi, si nguruwe pori. Meneja amekuwa mkubwa ajabu. Akisimama wima anaweka mikono kwenye mabega ya Rehani, na Rehani anasoma dua akielekea kuoga. Kundi lile la nyani la bondeni limehama shamba letu, limekwenda kwa watu wengine, na watu wengine wananuna.

Amelelewa kama ulivyoagiza. Hakuna mgeni aliyemgusa. Juzi mchuuzi wa vitambaa alipita njia ya uani, Swaumu akiwa anachezea udongo. Meneja hakubweka. Alikwenda akalala katikati, baina ya mtoto na yule mtu, akamtazama tu. Mchuuzi akatuuzia kanga kwa kutupigia kelele kutoka barabarani. Tulicheka, kaka, na usiku huo nilimpa mwenyewe mfupa wenye nyama, japo mlishaji ni mwanao.

Nimeandika mwanao, usidhani sikumbuki. Meno yake ya mbele yameng'oka. Mtoto kibogoyo hasafirishwi, watu watasema tumemfukuza. Acha yaote.

Nduguyo,
Mwaija


Misima, Handeni
5 Agosti 1974

Kaka Mbwana,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya hiki cha miezi mingi, hata salamu za Idi sikukujibu. Watoto ni wazima. Rehani amekonda. Wifi najua atalia akisikia ninayoandika, basi msomee taratibu.

Tumehamishwa. Kaya zote za pembeni zimeambiwa ziingie kijiji cha ujamaa, hapa hapa Misima. Tuliambiwa mapema, Rehani akasema ngoja tuvune kwanza, mara malori yakaja. Vijana walipanda juu wakashusha paa, sisi tukiwa bado tunatoa vyungu. Sikupigwa wala kutukanwa, nisiseme uongo, na mwenyekiti wetu mpya si mtu mbaya. Ila nimeliacha kaburi la mama peke yake na nyasi zake. Shule iko karibu sasa, na maji yanasemwa yatakuja. Nyumba zimepangwa mistari, mlango kwa mlango. Nikikohoa jirani ananipa pole.

Jirani mwenyewe ni mwema. Ni mama Eliasi, Mkristo, wametolewa huko mbugani kwenye ng'ombe. Siku ya kwanza hatukuwa na moto, akatuletea kaa la moto kwenye kigae. Mwanawe Eliasi ni rika la Swaumu, na wawili hao hawaachani.

Tatizo ni Meneja. Alizoea pori zima kuwa lake, sasa kila anayepita ni mwizi kwake, na wanaopita ni kijiji kizima. Tunamfunga, anakata kamba. Balozi wa nyumba kumi alikuja kutuandikisha, akabanwa ukutani mpaka Swaumu aliporudi kisimani. Mkutanoni watu walicheka, mwenyekiti akasema katika ujamaa hatutaki tena mameneja. Lakini kicheko kilipokwisha uamuzi ulitolewa: afungwe asionekane, au auawe.

Rehani anasema auawe. Mimi nimesema mbwa wa mjomba hauawi bila neno la mjomba, na Rehani ameheshimu. Kaka, nakuomba neno lako, na nakuomba upesi. Mimi namwogopa sasa. Si kwa ajili ya watoto wangu, kwao ni kondoo. Namwogopa kwa ajili ya watoto wa wenzangu.

Mwaija


Magoma, Korogwe
2 Oktoba 1974

Mdogo wangu Mwaija,

Salamu, na poleni sana kwa kuhama. Zuena amelia kama ulivyosema. Barua yako ilikaa dukani Korogwe mjini, mwenye duka aliiweka chini ya magunia ya chumvi, nimeipata juzi ikiwa imelowa.

Sasa mbona mnatishika hivyo? Mbwa kumbana balozi ukutani, hiyo ndiyo kazi yake. Mngempa mnyororo badala ya kamba. Hapana, sijaruhusu auawe. Nilimpa Swaumu, na zawadi ya mjomba hairudi nyuma kwa sababu ya mkutano.

Kama hamumtaki, iko njia nyepesi. Aletwe huku kwangu, na Swaumu aje naye. Mbwa huyo hatamfuata mtu mwingine, mlishaji wake ni Swaumu, na meno ya mtoto nadhani yameshaota. Hutaki kumleta mtoto, basi kaa na mbwa. Usinune. Nasema kwa uchungu, kwa sababu kila barua yako ina sababu mpya.

Nitakuja mwenyewe kuwachukua wote wawili baada ya mvua za vuli. Mpaka hapo mfungeni.

Kaka yako,
Mbwana


Misima, Handeni
19 Oktoba 1974

Kaka,

Shikamoo. Salamu nyingine sina.

Meneja amemng'ata Eliasi. Walikuwa wanakimbizana, Swaumu mbele. Eliasi akamshika gauni kwa nyuma, na Swaumu akapiga kelele ya raha, zile kelele za mtoto akikamatwa. Mbwa alisikia kelele tu. Kigingi kiling'oka. Alimshika mkono, kisha uso. Swaumu alimwita mara moja na papo hapo akaachia, akaja akalala miguuni pake, akatikisa mkia. Alidhani atasifiwa, kaka. Siku zote tulimsifu kwa hayo hayo.

Mtoto amepelekwa hospitali. Bwana mifugo amesema mbwa afungwe kwanza aangaliwe kama ana kichaa. Watu walikuja na mapanga, Swaumu akamlalia juu. Nilisimama mlangoni nikasema kaka yangu amekataa auawe, wasubiri aje. Nilisema hivyo na damu ya mtoto wa mwenzangu iko kwenye kanga yangu.

Mama Eliasi hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Usiandike barua. Njoo.

Mwaija


Magoma, Korogwe
24 Novemba 1974

Mdogo wangu Mwaija,

Nakusalimu, na shemeji namsalimu. Nimefika salama. Zuena anaumwa goti, amelala. Kwa Eliasi nimeagiza salamu kupitia kwa mchungaji wao, maana nilipokaa na mama yake siku ile pale kwenye mkeka, nilimpa pole tu, na neno hilo lilikuwa dogo sana mdomoni.

Nikuambie kilichotokea njiani, kwa kuwa ni wewe na hutamwambia mtoto. Niliondoka kwenu na nia safi ya kumleta Meneja Magoma, na Swaumu aje baadaye. Alinifuata vizuri. Swaumu alikuwa amemwambia anifuate, basi akanifuata, akigeuka kila hatua kutazama nyuma mpaka kijiji kilipopotea. Mwenye lori alitubeba hadi Mkata. Pale Mkata basi la kwanza lilitukataa, tukakaa chini ya ukuta wa duka kungoja jingine. Watoto wa wachuuzi wakaanza kukimbizana mbele yetu, na kitoto kimoja cha kike kikapiga kelele ya kucheka.

Nilihisi kamba ikikaza mkononi. Nikamtazama, yale manyoya ya mgongo yalikuwa yamesimama yote. Nikakumbuka kambi yetu hapa, vyumba vimebanana na watoto hawana hesabu. Nikakumbuka kwamba Swaumu atakuja, na popote Swaumu atakapocheka na mwenzake, huyu atakuwa pembeni anasikiliza.

Yuko mzee mmoja pale anayefukuza nyani mashambani, ana gobore. Nilimwomba. Tulikwenda nyuma ya shamba la muhogo. Nilimwambia Meneja akae, akakaa. Mzee alinipa bunduki, akasema mbwa ni wa kwako, si wangu. Ni mimi niliyefyatua, Mwaija. Alinitazama hadi mwisho akingoja nimwambie ainuke.

Mwambie Swaumu mbwa wake yuko kwangu, anakula vizuri. Akijua yuko huku atakuja kwetu kwa moyo mweupe. Akijua nilichofanya, atakuja akilia, au hatakuja. Nisaidie kwa hili.

Mbwana


Misima, Handeni
11 Januari 1975

Kaka Mbwana,

Shikamoo, na wifi apokee salamu zangu na pole. Tumepalilia shamba la kijiji, la kwetu bado. Jicho moja la Eliasi halikupona. Amerudi, anacheza na Swaumu kama kawaida, ila akisikia mbwa yeyote anaingia ndani na kujifunika shuka. Rehani amempa baba Eliasi mbuzi, akapokea. Moto tunaendelea kupeana.

Niliisoma barua yako nikaichoma jikoni. Nilikaa na hasira na wewe siku nyingi, kwa sababu niliomba neno lako mwezi wa nane ukanijibu kwa maringo. Nimeshasema, sitarudia.

Nimemwambia mtoto uongo wako. Aliruka. Tangu hapo kila jioni ana salamu mpya. Leo amesema nikuandikie hivi: Meneja asilale na njaa, hapendi maharage, na mjomba asimwache aoge mtoni kwa sababu ya mamba.

Mwaija


Magoma, Korogwe
9 Machi 1975

Mdogo wangu Mwaija,

Salamu kwenu nyote. Uliyosema kuhusu mwezi wa nane nimeyasoma. Ni kweli.

Hapa chini msomee mtoto.

Swaumu mpwa wangu, hujambo? Mjomba na shangazi Zuena hatujambo. Meneja hajambo. Maharage hatumpi. Mtoni haendi. Anakaa kivulini na anakusalimu.

Mwaija, usinitumie salamu nyingi hivyo za mbwa. Ninapoziandikia majibu Zuena ananitazama. Yeye anajua, nilimwambia. Alisema, "Mtoto huyu tutampokea kwa macho gani?" Nikamwambia akifika atasahau.

Mbwana


Misima, Handeni
3 Novemba 1975

Kaka Mbwana,

Shikamoo. Hatujambo, ila Mwatumu ana homa za hapa na pale. Mvua za vuli zimechelewa, tunatazama mawingu ya wenzetu wa milimani. Muhidini amefaulu, anakusalimu kwa maandishi yake mwenyewe ubavuni mwa karatasi hii.

Leo nina neno jema, na lilinichukua miaka kulisema. Swaumu aje. Nimeongea na Rehani, amekubali. Mwezi wa kwanza aanze shule hapo Magoma, akae kwako na kwa wifi kama tulivyoahidi mbele ya mama. Kaka, sikuwa nikikudanganya kwa yale meno. Nilikuwa naogopa kuamka asubuhi na kukuta mahali pake pamelala wazi. Bado naogopa. Lakini wewe na Zuena mmeamka na asubuhi hizo miaka mingi kuliko mimi, nami nimeona aibu.

Yeye anafurahi kupita kiasi. Amefunga nguo zake, amezifungua, amezifunga tena. Anataka kujua Meneja analala upande gani wa mlango, ili naye alale upande huo kwa ndani. Nimemwambia atauliza akifika. Jiandae na la kumwambia, mimi uongo umeniishia.

Rehani atamleta yeye mwenyewe kwa basi.

Nduguyo,
Mwaija


Magoma, Korogwe
7 Desemba 1975

Mdogo wangu Mwaija,

Nakusalimu na kukushukuru. Mwatumu apone upesi. Zuena aliposikia barua yako alisimama bila kushika ukuta, akatoa mito juu ya kile kitanda, akapiga deki chumba kizima. Alikuwa akiimba. Sijamsikia akiimba tangu tumzike yule wa pili.

Mimi nilitoka nikaenda kukaa kwenye mabanda ya mkonge. Nimekaa na jambo hili wiki nzima, na neno langu ni hili: usimlete.

Nimejaribu kuliona kila namna. Nimejaribu kusema mbwa alikufa juzi kwa ugonjwa. Nimejaribu kusema aliibwa. Kila nikisema, namwona anashuka kwenye basi na kuanza kupiga mbinja kumwita Meneja. Atakaa nyumbani kwangu, atakula kwa mkono wangu, ataniita baba, na mimi nitakuwa nimemvuta kwa mbwa niliyemuua mwenyewe. Siwezi. Mtoto nimemtaka kuliko kitu chochote hapa duniani, Mungu anajua, na ndiyo maana siwezi.

Mwambie ukweli. Usimtaje mwenye gobore wala basi lililokataa. Sema ni mjomba. Sema mjomba ndiye aliyekataa kusikia kuhusu watoto wa wenzako, na kwamba Meneja hakuwa na kosa, alifanya alivyofundishwa, na aliyefundisha vibaya ni mimi. Akishajua yote, kama bado anataka kuja, nitakuja kumchukua kwa miguu yangu.

Zuena bado hajui kwamba nimekuandikia hivi. Anadhani naagizia daftari za shule.

Kaka yako,
Mbwana


Misima, Handeni
16 Januari 1976

Kaka Mbwana,

Shikamoo. Mwatumu amepona. Mvua zimekuja mwishowe, na tumepanda.

Nimemwambia. Nilimkalisha nyuma ya nyumba, tukichambua mboga, nikamwambia kama ulivyoagiza, sikuongeza wala kupunguza. Hakulia mbele yangu. Aliuliza kitu kimoja, kama Meneja aliiona ile bunduki. Nikamwambia sikuwepo. Akamaliza kuchambua mboga zake, akaosha mikono, akaingia ndani kufungua nguo alizofunga.

Usiku huo alilala kwangu, jambo aliloliacha siku nyingi. Nilihisi mgongo wake ukitikisika nikamshika, na mimi nikalia naye. Nilimlilia yeye, nikamlilia mbwa, na wewe pia nilikulilia, kaka. Hasira niliyokuwa nayo sijui imekwenda wapi, ila imekwenda.

Nilimwacha siku kadhaa ndipo nikamuuliza kama atakwenda kwa mjomba. Alisema hapana. Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayekaribishwa chakula akiwa ameshiba. Nilipomuuliza tena juzi alijibu vilevile, na nimeapa sitamuuliza mara ya tatu. Ameanza shule hapa kijijini, anakwenda na Eliasi, na anatembea upande wake ule usioona.

Wifi Zuena nilitaka kumwandikia yeye peke yake. Nimeshika kalamu mara nyingi na sikuweza. Itabidi umwambie wewe.

Nduguyo,
Mwaija